Maswali ya Wasomaji: Mpwa wangu anacheza besiboli Marekani, nizisomeje namba zake?

SWALI: Mhariri wa ukurasa huu, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga. Dada yangu alihamia Marekani miaka mingi iliyopita, akaolewa huko na akajaliwa mtoto wa kiume ambaye sasa ana umri wa miaka 20. Mwaka 2023, alipomaliza sekondari, klabu moja ya besiboli ilimchagua katika raundi ya 14, na tangu hapo amekuwa akichezea timu zao ndogo. Kila alfajiri kabla sijatoka kwenda msikitini hufungua simu nikatazama amefanya nini usiku, kisha nikirudi naandika katika daftari. Wastani wake ni 229. Mwezi Julai walimpandisha daraja, tukafurahi na kusoma dua, lakini baada ya mechi tisa wakamshusha. Ndugu zangu wamegawanyika: wapo wanaosema kijana ameshindwa na arudi shule, na wapo wanaouliza mbona hatumi chochote ilhali wachezaji wa Marekani ni matajiri. Nimeambatanisha picha ya ukurasa mmoja wa daftari langu. Naomba unifundishe kuusoma.
Mjomba, Chumbageni

JIBU: Wa aleikum salaam, na shikamoo Mwalimu. Nimeusoma ukurasa wako kwa makini, na kabla ya yote nikushukuru kwa mwandiko ulionyooka na kwa mistari uliyoipiga kwa rula, maana umenirahisishia kazi. Ukurasa una mechi 20. Nitaanza na mstari mmoja tu, ule wa Jumamosi ya pili, ambao umeuandika kwa wino mwekundu: “Sifuri. Hakuna kitu.” Pembeni yake umenakili kutoka kwenye simu kwamba kijana alihesabiwa zamu mbili, hakupata pigo hata moja, na kwamba alipewa kituo cha bure mara mbili. Kwa maoni yangu, usiku ule haukustahili wino mwekundu.

Mpigaji anaposimama na gongo lake, mrushaji akikosa eneo linalotakiwa mara nne, na mpigaji akawa na utulivu wa kuiacha mipira hiyo mibaya ipite bila kuifukuza, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bila kupiga chochote. Zamu ya namna hiyo haihesabiwi katika wastani. Ndiyo maana mpwa wako alisimama mara nne, akafika kituoni mara mbili, na bado karatasi ikasomeka kana kwamba alikwenda uwanjani kulala. Kuuacha mpira mbaya upite, tena mpira unaokuja kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, ni ufundi mgumu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na makocha huutafuta sana kwa kijana wa umri ule kwa sababu ni vigumu kuufundisha.

Sasa tuhesabu ukurasa mzima, jambo ambalo wewe utalifanya kwa haraka kuliko mimi. Kijana alisimama mara 84. Mara 14 alipewa kituo cha bure, kwa hiyo zinabaki zamu 70 zinazohesabiwa. Katika hizo 70 alipata mapigo salama 16, yaani mapigo yaliyomfikisha kituoni, na 16 kwa 70 ndiyo hiyo 229 kati ya 1,000 inayowasumbua ndugu zako. Lakini ukijumlisha 16 na 14 unapata mara 30 alizofika kituoni katika zamu 84, yaani takriban 357 kati ya 1,000. Katika Ligi Kuu yenyewe ya besiboli ya Marekani, kwa miaka ya karibuni, wastani wa wachezaji wote katika kipimo hicho cha kufika kituoni umekuwa kati ya 310 na 320. Simaanishi kwamba mpwa wako ni bora kuliko wachezaji wa Ligi Kuu, kwa kuwa warushaji anaokutana nao hawalingani kabisa na wa huko, ila nataka uone kwamba namba uliyokuwa ukiitazama kila alfajiri ndiyo inayosema machache kuliko zote zilizomo katika daftari lako.

Tazama pia safu uliyoiandika “straiki tatu”, yaani mara alizotolewa bila kuupiga mpira ukaingia mchezoni. Ni 15 katika zamu 84, karibu 18 kwa kila 100. Katika Ligi Kuu ya siku hizi, kati ya zamu 100, takriban 22 au 23 huishia hivyo, na katika ngazi za chini vijana wengi huzidi hapo. Kijana asiyetolewa kirahisi, na ambaye vituo vyake vya bure vinakaribia kulingana na straiki zake, kama hizi 14 kwa 15, ni kijana anayeuona mpira. Mapigo yanaweza kuchelewa kuja kwa sababu mpira uliopigwa vizuri huweza kwenda moja kwa moja kwenye glavu ya mdakaji, na mpira uliopigwa vibaya huweza kuangukia mahali patupu. Bahati ya namna hii huchukua muda mrefu kujisawazisha, na mechi 20 hazitoshi. Nakuomba ujumlishe daftari lote tangu Aprili, kurasa zote, kabla ya kumjibu ndugu yeyote.

Hata hivyo, ningekuwa na daftari kama lako, safu ya kwanza kabisa kushoto ningeiandika umri, na ya pili ngazi, kisha ndipo zifuate namba nyingine zote. Mwaka 1994 Michael Jordan, mfalme wa mpira wa kikapu, aliacha kikapu akajaribu besiboli katika timu ya Birmingham Barons, ngazi ya A Mbili (ngazi nitazieleza hapo chini). Katika mechi 127 alipata wastani wa 202 na kutolewa kwa straiki mara 114. Alikuwa na miaka 31. Mwaka 2011 kijana anayeitwa Mike Trout alipandishwa hadi Ligi Kuu, akacheza mechi 40 na kupata wastani wa 220. Alikuwa na miaka 19 alipopandishwa. Ukizitazama 202 na 220 peke yake utadhani ni watu wa kiwango kimoja, lakini aliyeanza hivyo akiwa na miaka 19 mbele ya warushaji bora duniani alianza mwaka uliofuata ngazi ya A Tatu, akarudishwa juu mwezi Aprili, akapata wastani wa 326 na kutangazwa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake. Mpwa wako ana miaka 20 naye yuko A Moja, ambako wenzake wengi ni wa miaka 20 hadi 22. Hajatangulia sana, na hajachelewa hata kidogo.

Kuhusu ngazi zenyewe, kila klabu kati ya 30 za Ligi Kuu ina timu nne ndogo zinazocheza msimu mzima: A Moja, A ya Juu, A Mbili na A Tatu, na chini yake kuna timu za mafunzo katika majimbo ya Arizona na Florida, pamoja na ligi ya majira ya joto ya Jamhuri ya Dominika. Mpangilio huu wa timu 120 ulianza mwaka 2021. Hapa ndipo sisi wa Tanga tunapojikwaa, kwa sababu neno “kushuka” linatukumbusha mwaka 2016, ambapo Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, timu zetu tatu, zilishuka daraja kwa msimu mmoja na mji mzima ukabaki bila timu ya Ligi Kuu ya soka. Katika ligi ndogo za Marekani timu haipandi wala haishuki. Timu ya A Moja itabaki hapo hata ikishinda kila mechi, kwa sababu wachezaji na makocha wake ni waajiriwa wa klabu mama, nayo klabu mama huwahamisha kama wizara inavyohamisha walimu, mara nyingine kwa sifa ya mwalimu na mara nyingine kwa sababu shule fulani imepungukiwa.

Mechi tisa za Julai zinafanana sana na hilo la pili. Mchezaji wa A ya Juu anapoumia, klabu humwita kijana wa chini azibe pengo kwa juma moja au mawili, kisha aliyeumia akipona, kijana hurudi alikotoka ili acheze kila siku badala ya kukaa benchi. Usiiandike safari hiyo kama adhabu. Mimi ningeandika kwamba walipohitaji mtu, walimwita yeye. Kitakachoniambia kwamba klabu imeanza kumkatia tamaa ni idadi ya mechi anazopangwa: kijana aliyekuwa akicheza mara tano kwa juma akianza kucheza mara mbili, na nafasi yake akipewa mdogo zaidi, hapo ndipo nitakapokuwa na wasiwasi. Katika ukurasa wako, mechi 20 zimechezwa ndani ya siku 25. Wanampanga.

Raundi ya 14 isiwavunje moyo. Kila Julai klabu hizo huchagua zaidi ya vijana 600 katika raundi 20, na kwa kweli wengi hawafiki juu. Klabu moja inaruhusiwa kuwa na wachezaji hadi 165 katika timu zake ndogo za Marekani, wakati kikosi cha Ligi Kuu kina nafasi 26 kwa sehemu kubwa ya msimu, kwa hiyo mlango ni mwembamba kwa kila mtu. Lakini Albert Pujols alichaguliwa raundi ya 13 mwaka 1999 na akaja kupiga homrani (mapigo yanayovuka ukuta wa uwanja) zaidi ya 700, na Mike Piazza alichaguliwa raundi ya 62 mwaka 1988, enzi ambazo raundi zilikuwa nyingi hivyo, naye sasa yumo katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli. Brien Taylor alikuwa wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka 1991, akaumia bega, na hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu.

Kuhusu fedha, nitakupa tarakimu uzisome mbele ya ndugu, barazani au popote mnapokutana. Kwa mkataba uliosainiwa mwaka 2023, kima cha chini cha mshahara wa mchezaji wa A Moja kilipangwa mwaka huo kuwa dola 26,200 kwa mwaka, A ya Juu 27,300, A Mbili 30,250 na A Tatu 35,800, na hapo kodi haijakatwa. Nyumba hutolewa na klabu, na hilo nalo ni jipya, limeanza mwaka 2022. Katika Ligi Kuu kima cha chini kilikuwa dola 760,000 mwaka 2025, na huo ndio utajiri ambao ndugu zako wameusikia. Kijana wenu hajaufikia. Yuko katika nchi ambako fedha anayolipwa ni ya kujikimu tu, anasafiri kwa basi kati ya mji na mji, na mwezi Septemba msimu ukiisha inambidi aendelee kufanya mazoezi. Nakusihi, Mwalimu, kwa heshima na kwa mapenzi uliyonayo kwake, umkinge na maombi ya fedha kwa sasa, na unapompigia simu usianze na wastani. Anaujua. Umesimama kwa tarakimu kubwa kwenye ubao wa uwanja kila anapokwenda kupiga.

SWALI: Ninafundisha michezo katika sekondari moja ya Tanga. Tangu tulipoanza kucheza besiboli kwa glavu chache za msaada, wanafunzi wangu wamejichagulia kila mmoja kijana wa kumfuatilia katika ligi ndogo. Mwanafunzi wangu mmoja alimchagua mrushaji wa miaka 19 kutoka Jamhuri ya Dominika, lakini jina lake halijaonekana katika mechi yoyote tangu Mei, na wenzake wanamwambia achague mwingine. Je, amefukuzwa? Na je, yuko Mwafrika ambaye tungeweza kusoma safari yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho?
Mwalimu wa michezo, Ngamiani

JIBU: Mwambie binti, au kijana, asilifute jina. Mrushaji anayetoweka ghafla mara nyingi ameumia, na kiungo kinachoumia zaidi ni kiwiko. Watazame ukurasa wa mchezaji mwenyewe, sehemu ya taarifa za uhamisho, ambako huandikwa kwamba amewekwa katika orodha ya majeruhi ya siku 7 au ya siku 60. Ikiwa ni ya siku 60, wajiandae kusubiri. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John na kuchukua kano kutoka mkono wake mwingine kuziba ile iliyokatika kwenye kiwiko, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa mrushaji. Tommy John alirudi mwaka 1976 na kushinda mechi 164 baada ya upasuaji huo. Leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake, na anayefanyiwa hukaa nje kwa miezi 12 hadi 18. Mrushaji akirudi, wasitazame ushindi wala kushindwa. Watazame ni vipindi vingapi vya mchezo ameruhusiwa kurusha, maana klabu humpimia kama mgonjwa anayepimiwa uji, na watazame kama vituo vya bure anavyotoa vinapungua mwezi hadi mwezi. Kasi ya mkono hurudi mapema. Shabaha ndiyo inayochelewa.

Ama safari ya Mwafrika, nami naifurahia nafasi ya kuisimulia kwa sababu niliifuatilia kwa miaka, ni ile ya Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mfanyakazi katika klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, na familia iliishi katika chumba ndani ya jengo la klabu, hivyo mtoto akakulia hatua chache kutoka uwanjani. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008. Alikuwa mdakaji wa hali ya juu katika nafasi ya kati, mwenye mikono myepesi na miguu myepesi, lakini gongo halikumtii: alitolewa kwa straiki mara nyingi katika kila ngazi, na kila mwaka aliposogea hatua moja, wapo waliosema hapo ndipo mwisho wake. Miaka ikapita. Mama yake akafariki kabla hajaona matunda. Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na miaka 27, Ngoepe aliingizwa katika mechi dhidi ya Chicago Cubs, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu, na katika zamu yake ya kwanza alimpiga Jon Lester, mmoja wa warushaji bora wa kizazi kile, pigo safi lililomfikisha kituo cha kwanza. Kwa jumla alicheza mechi 41 tu za Ligi Kuu, Pittsburgh na kisha Toronto.

Wanafunzi wataniuliza kama miaka minane na zaidi kwa ajili ya mechi 41 ni mafanikio. Mimi nasema ndiyo, bila kusita, na ningependa wabishane na mimi baada ya kuchora safari hiyo katika karatasi, ngazi kwa ngazi na umri kwa umri, kwa sababu hapo wataona kitu ambacho orodha za vijana hodari hazionyeshi: klabu ilivumilia gongo lake dhaifu kwa muda wote huo kwa sababu ya glavu yake. Kijana mwenye udhaifu mmoja mkubwa huendelea kupanda iwapo kitu kingine alicho nacho ni adimu. Na mpwa wa mwalimu wa Chumbageni, hapo juu, ana jicho.

Waliofuata wapo. Mrushaji Tayler Scott, naye wa Afrika Kusini, aliingia Ligi Kuu mwaka 2019. Kwa majirani zetu wa Uganda, Los Angeles Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Dennis Kasumba, mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji, alikwenda kuchezea Frederick Keys mwaka 2023 katika ligi ya vijana wanaosubiri kuchaguliwa. Kwetu Tanzania bado hakuna aliyefika hapo, ingawa uwanja wa besiboli upo Dar es Salaam, Azania Sekondari, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na wanafunzi wako wanastahili kuuona siku moja kwa macho yao.

SWALI: Huku Raskazone ninakesha kusubiri matokeo na mara nyingine sikuti chochote. Ni saa ngapi hasa niyatazame?
Kijana wa Raskazone

JIBU: Mdogo wangu, lala. Wakati wa msimu, Aprili hadi Septemba, pwani ya mashariki ya Marekani iko nyuma yetu kwa saa saba, hivyo mechi ya saa moja usiku kwao huanza saa nane usiku kwetu, na kwa kuwa siku hizi mrushaji anawekewa saa ya kumharakisha, mechi nyingi huisha kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Pwani ya magharibi iko nyuma kwa saa kumi, kwa hiyo mechi zao za usiku utazipata ukishakunywa chai. Jumapili ni rahisi zaidi, maana nyingi huchezwa mchana na kwetu zinaanza saa mbili au saa tatu usiku. Na zile siku ambazo hukuti chochote, nadhani ni Jumanne alfajiri: ligi ndogo hucheza Jumanne hadi Jumapili dhidi ya timu ile ile, na Jumatatu ni siku yao ya kupumzika na kusafiri.